Kijiji kinacholipa watu wahamie: niliyoongea Bern kuhusu Albinen

Haya ni maongezi niliyotoa kwenye kikao cha mwaka cha sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Uswisi, pale Bern. Kuna watu treni iliwaacha na wengine walikuwa jikoni wanakaanga sambusa, wakaniomba niandike, basi nimeandika vilevile nilivyoongea, ila utani wa watu wa Tanga nimeupunguza kidogo.

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Mama mwenyekiti ahsante kwa kunipa nusu saa, ingawa najua saa yako wewe ni ya Uswisi kwelikweli, ikifika dakika ya thelathini na moja utanizimia maiki.

Naanza na swali. Ambaye hajawahi kutumiwa ile meseji ya WhatsApp ya kijiji cha Uswisi kinachogawa faranga 25,000 kwa anayekubali kwenda kuishi, anyooshe mkono. Eeh, mnaona? Hakuna. Mimi shangazi yangu wa Tanga kanitumia mara tatu, ya tatu akabandika na picha, nyumba za mbao, maua mekundu dirishani, theluji kwa nyuma, halafu chini akaandika, mwanangu wewe si uko hukohuko, kinakushinda nini? Sasa shangazi hajibiwi na mkato, ukimwambia ni uongo anaona unabana fursa. Ndo nikasema ngoja niende mwenyewe nikakione hicho kijiji, nikirudi nimweleze kitu nilichokiona kwa macho. Nimeshaenda mara mbili. Leo mtanivumilia, nawapeleka Albinen.

Mkitoka hapa Bern mnapanda treni mpaka Visp, mnapita lile handaki la Lötschberg lililofunguliwa 2007, karibu kilomita 35 ndani ya mlima, upande huu mnaingia na ukungu wenu wa Bern, upande wa pili mnatokea jua linawaka hadi mnafumba macho. Mko bonde la mto Rhône, kantoni ya Valais, kantoni ni kama mkoa hivi, wenyewe wanaoongea Kijerumani wanaiita Wallis. Visp mnabadilisha treni mnashuka stesheni ya Leuk, hapo mko chini kabisa mtoni, mita 600 na kitu. Kuanzia hapo ni basi na kona, na mwenye kichefuchefu akae mbele.

Basi linapanda, mnaliacha bonde chini, mnaanza kuona vitu. Kuna madishi makubwa meupe ya setilaiti yamekaa kwenye ukingo juu ya Leuk, yanaangalia mbinguni kama uyoga uliopinduliwa. Ng'ambo ya mto kuna korongo linaitwa Illgraben, mlima umechanika pale kama gunia lililopasuka, mwamba mweupe na wa kijivu unamomonyoka mwaka mzima na kiangazi mvua ikipiga matope na mawe yanashuka kwa kishindo hadi kwenye Rhône. Na upande wenu, kama mnaangalia vizuri, msitu una sehemu ambapo miti mikubwa imekatika ghafla halafu kuna miti midogomidogo tu. Hapo ni moto wa Agosti 2003, mtu alichoma makusudi, ukateketea msitu wa hekta kama 300. Miaka zaidi ya ishirini na kovu bado linaonekana, mlimani mti haukui kwa haraka zako wewe.

Halafu ghafla kona moja, kijiji hiki hapa.

Albinen imekaa mteremkoni kwenye mita kama 1,300 hivi. Kwa wale wa Usambara, huo ni mwinuko wa kukaribiana na Lushoto mjini, kwa hiyo hewa mapafu yanaijua, baridi ndo hayaijui. Nyumba zimebanana utafikiri zinaogopa kuanguka, paa la huyu linagusana na baraza ya yule, njia katikati ni za mtu na punda, gari linaachwa pembeni. Mbao zake ni nyeusi, si rangi ile, ni jua. Ni mti wa jamii ya msonobari ambao ukipigwa na jua karne mbili unakuwa kama makaa, ukiugusa mchana wa Februari upande wa kusini una joto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa, na ukizunguka upande wa kaskazini wa nyumba hiyohiyo kuna barafu. Nilifanya hivyo, nikazunguka na kiganja kama mwehu, bibi mmoja akaniangalia dirishani nikampungia akanipungia.

Kijiji kinatazama jua, na hilo ndo jambo la kwanza la kuelewa. Bonde lile ni refu, lina ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini, ukijenga upande usiofaa majira ya baridi jua hulioni wiki kadhaa, kwa hiyo watu wa kale hawakuchagua mandhari, walichagua jua. La pili ni maji. Valais ndo kantoni kavu kuliko zote Uswisi, milima ya pande zote mbili inazuia mawingu, pale karibu na Visp mvua ya mwaka mzima haifiki mbali sana na milimita 600 wakati hapa Bern tunapita 1,000. Kwa hiyo wakachimba mifereji ya kuchukua maji juu kwenye barafu na vijito wakayatembeza kilomita na kilomita ubavuni mwa mlima mpaka shambani, wanaiita Suonen. Wachagga mliopo hapa hamna haja ya maelezo, huo ni mfongo, mfongo kabisa, mpaka na zamu za maji na ugomvi wake. Nilivyomweleza dereva wa basi kwamba Kilimanjaro nako wamechimba hivyohivyo miaka mingi akapunguza mwendo, nikafikiri kaona kitu barabarani, kumbe anataka nimalize.

Juu ya kijiji ni msitu, juu ya msitu malisho, juu ya malisho mawe, na juu ya yote kuna kilele cha Torrenthorn mita 2,998. Yaani mita mbili tu ingekuwa 3,000. Mngekuwa nyie mngeshabeba mawe mkapandisha. Eneo la gemeinde lote ni kilomita za mraba kama 15, ila msije mkafikiri ni 15 za kulima, kipande kinachokalika ni kama kiganja, kingine ni cha mbuzi wa mwitu.

Na nimesema gemeinde, wacha nisimame hapo kidogo maana hapo ndo shangazi yangu alipotea, na wengi wetu tunaoishi huku miaka kumi tunapotea palepale. Sisi tukisikia kijiji tunafikiria mtaa una mwenyekiti na muhuri. Gemeinde ya Uswisi ni serikali. Ndogo, lakini serikali. Nchi hii ina ngazi tatu, shirikisho, kantoni, gemeinde, na zote tatu zinakukata kodi, si mnaziona kwenye bahasha zenu. Gemeinde inaamua kiwango cha kodi yake, inaangalia maji, taka, barabara za ndani, theluji isukumwe saa ngapi, shule ya watoto wadogo. Ukitaka uraia wa Uswisi barua haiishii Bern, inapita gemeinde, na wale watu wa pale ndo wanaulizwa, huyu mnamjua, anasalimia? Na Valais kila mpiga kura anaruhusiwa kuingia kwenye mkutano mkuu wa gemeinde, wenyewe wanaita Urversammlung, mnakaa ukumbini mnapitisha bajeti kwa mikono yenu. Sasa fikiria serikali ya namna hiyo yenye wananchi 240.

Ndio, 240. Hiyo ndo idadi ya Albinen mwaka ule wa habari, 2017, mia mbili na arobaini ukihesabu na vikongwe na watoto wa kunyonya. Mimi harusi yangu ilikuwa na watu zaidi, na tuliwabana.

Sasa ukiwa na watu wachache namna hiyo, hesabu inabadilika sura. Hapa Bern familia tatu zikihama nani atajua? Albinen zilihama familia tatu, zikaondoka na watoto wanane, na shule ikafungwa. Watoto wanane! Hao wanaingia kwenye hiace moja na konda anaongeza wengine. Lakini kwa kijiji kile wanane ndo ilikuwa shule, na waliobaki wakawa wanashushwa na basi kwenda Leuk asubuhi, na mnajua mzazi kijana anafikiriaje, kama mtoto anashuka kila siku si bora na sisi tushuke tukakae hukohuko chini karibu na kazi na duka? Anashuka na yeye. Mwaka kesho jirani yake. Hivyo ndo kijiji kinavyokufa, hakipigwi na maporomoko ya theluji, kinakufa kwa mahesabu ya asubuhi ya nani ampeleke mtoto.

Na kushuka huku hakukuanza 2017. Mwaka 1908 kilifunguliwa kiwanda cha alumini kule Chippis karibu na Sierre, Visp nako pakaja kiwanda cha kemikali, na wanaume wa vijiji vya milimani wakawa wanafanya kazi mbili, shifti kiwandani halafu jioni anapanda kukata majani ya ng'ombe. Kizazi cha kwanza kilipanda na kushuka kwa miguu, kilichofuata kikapata baiskeli na basi, kilichofuata kikasema hii ya kupanda inatoka wapi. Mimi nimekulia mteremkoni, najua, kijana hahitaji kuchukia nyumbani ili aondoke, anahitaji tu barabara nzuri. Barabara tunafikiri inaleta watu. Na inawabeba pia.

Halafu kuna mirathi, hapa mtacheka. Valais desturi yao ni kugawa kila kitu kwa watoto wote sawasawa, shamba linakatwa vipande, kipande kinakatwa tena, na nyumba nayo inagawanywa, unakuta ghorofa ya chini ya kaka, ya kati ya dada, ya juu ya watoto wa kaka mwingine aliyefariki. Sasa leo kuna nyumba nzuri kabisa ya mbao imefungwa, ukiuliza mwenyewe nani unaambiwa wako tisa, mmoja yuko Geneva, mmoja Kanada, wawili hawasalimiani. Nani atarekebisha paa? Nilivyosikia hivyo nikasema nimefika nyumbani sasa.

Mara ya kwanza nilienda Jumamosi, kijiji kilikuwa kimechangamka, magari, mbwa, watu wa skii kwa sababu juu pale kuna malifti ya Torrent. Nikasema mbona kuna watu? Mara ya pili nikaenda Jumanne makusudi, nikakaa mpaka giza. Hapo basi linapogeuzia nikasimama nikahesabu madirisha, upande ninaouona mimi yalikuwa arobaini na moja. Yaliyokuwa na taa tisa. Mengine milango yake ya mbao imefungwa kwa ndani, na theluji kizingitini haina hata alama ya kiatu, theluji nzima laini kama unga uliochekechwa, hapo unajua tangu ianguke hakuna aliyeingia wala kutoka. Kwenye birika la mbao la maji ya kijiji bomba lilikuwa linamwaga usiku kucha, na kwa ule ukimya nilikuwa nalisikia toka mbali. Nyumba zipo. Watu wa Jumamosi wapo. Watu wa Jumanne ndo hamna.

Hii ishu ya nyumba za Jumamosi Waswisi waliipigia kura, 11 Machi 2012, pendekezo la mzee Franz Weber, mtetezi wa mazingira, la kwamba gemeinde ikishafika asilimia 20 ya nyumba za wikendi na likizo basi zisijengwe zingine. Lilipita kidogo sana, asilimia 50.6, na Valais walikasirika hawajapoa mpaka leo, maana wao ndo wanajenga na kuuza hizo nyumba. Mimi naona pande zote zina haki. Mwenye nyumba ya likizo analipa, anakunywa kahawa, anamlipa fundi. Lakini hapeleki mtoto shule, hajiungi na zimamoto ya kujitolea, na Novemba gemeinde inapokaa kikao yeye yuko Zürich anakula fondue.

Sasa tuje kwenye hela, najua mnaisubiri, nawaona hapo nyuma.

Usiku wa 30 Novemba 2017 wananchi wa Albinen walipiga kura. Wazo lilitoka kwa vijana wao wenyewe, si kwa wazee, vijana waliobaki walioona kwamba wakinyamaza miaka michache watajikuta wanazima taa wao. Wakapitisha. Mtu mzima faranga 25,000, mtoto faranga 10,000, kwa hiyo mume, mke na watoto wawili ni 70,000. Hapo ndo magazeti ya dunia yalipoishia kusoma. Na baada ya siku chache barua pepe zikaanza kumiminika ofisi ya kijiji kutoka kila kona ya dunia, watu wanatuma CV, wanatuma picha za familia, wanauliza ndege inatua wapi, mpaka gemeinde ikalazimika kutoa tangazo kwamba jamani mmedanganywa, sivyo. Fikiria ofisi yenyewe ni ya kijiji cha watu 240.

Masharti haya, sikilizeni vizuri kisha mkamweleze kila mtu mwenye shangazi. Uwe chini ya miaka 45. Ununue au ujenge au ukarabati nyumba ya thamani ya angalau faranga 200,000, palepale. Uishi humo kama makazi yako ya kudumu, siyo ya Jumamosi. Ukae miaka kumi, ukiondoka kabla unarudisha hela. Na uwe Mswisi au uwe na pemiti C, kile kibali cha ukaazi wa kudumu. Nimesikia mguno. Ndio, C. Mwenye B, kibali cha muda, akae chini. Na sisi watu wa Afrika Mashariki hiyo C kwa kawaida unaipata baada ya miaka kumi, au mitano kama umejituma lugha na wameridhika na wewe au umeoa humuhumu, kwa hiyo aliyetumiwa meseji akiwa Tanga hiyo ofa haikuwahi kumhusu hata kwa dakika moja.

Kwa hiyo, shangazi, hawagawi hela. Wananunua kitu. Wananunua mtoto darasani na taa ya Jumanne, kwa miaka kumi, na wanadai risiti. Na ukiangalia vizuri ile elfu 25 kwa mtu anayetumbukiza laki mbili kwenye nyumba ni punguzo tu, kama muuzaji wa Kariakoo anavyokuongezea kipimo ili usiende duka la pili.

Ila kuna kitu nilikutana nacho nikiwa nasoma haya mambo kikaninyima usingizi. Gemeinde za Uswisi zimewahi kulipa watu huko nyuma, lakini ilikuwa waondoke. Karne ya 19 nchi hii ilikuwa na njaa kwelikweli, viazi vinaoza, kazi hakuna, na kwa sheria za wakati ule maskini alikuwa mzigo wa gemeinde ya asili yake. Rothrist, kantoni ya Aargau, mwaka 1855, kijiji kilikusanya watu 305 kikawalipia nauli kwenda Marekani, kwaherini, msirudi. Ilikuwa nafuu kuliko kuwalisha. Leo Mswisi akikuuliza kwa nini watu wa kwenu wanahama, muulize kwa upole Rothrist iko wapi.

Na hiyo ya gemeinde ya asili bado ipo, angalieni pasi ya Mswisi yeyote. Haikuandikwa alipozaliwa. Imeandikwa Heimatort, mahali pa asili, na inarithiwa. Unaweza kukutana na mtu kazaliwa Lausanne, hajui neno la Kijerumani, pasi yake inasema Albinen, na hajawahi kukanyaga. Sisi tunaulizana kwenu wapi, na mtoto aliyezaliwa Dar anajibu Rombo wakati Rombo anaenda Krismasi tu. Basi Waswisi wameliandika swali hilo kwenye pasi. Kwa hiyo ukihesabu Albinen kwa karatasi za asili, kijiji kina watu wengi kuliko wanaolala pale. Kinachokosekana ni wa kulala.

Lazima niwaambie na ngazi, siwezi kuwaacha hivihivi. Kutoka Albinen kwenda kwa jirani zao wa Leukerbad katikati kuna genge, mwamba wa kwenda chini kama mita mia. Zamani kabla ya barabara watu hawakuzunguka, walipigilia ngazi za mbao kwenye mwamba, nane, moja inapoishia unatembea kidogo kwenye ukingo unakamata nyingine, na wanaume kwa wanawake walipita hapo na mizigo mgongoni. Zipo mpaka leo, watalii wanapita kwa raha zao. Mimi nilishuka ya kwanza vizuri. Ya pili nikafika katikati nikaangalia chini, hilo lilikuwa kosa, nikaona vilele vya miti vikiwa chini ya viatu vyangu, nikabaki pale nimeshika ngazi nasema bismillahi kwa sauti. Nikapanda nikarudi. Kuna mama mtu mzima alikuwa ananisubiri juu nipishe, na fimbo zake mbili na kofia ya sufu, akashuka zote kama anashuka baraza ya nyumba yake.

Na jirani mwenyewe wa huko chini ya ngazi ni habari nyingine. Leukerbad ina chemchemi za moto, maji yanatoka ardhini na nyuzi 51, kwa siku lita kama milioni 3.9, utajiri wa Mungu mtupu. Wakajenga. Wakajenga mabafu, ukumbi wa michezo, kituo cha mabasi, wakakopa, wakakopa tena, na ilivyofika mwishoni mwa miaka ya 1990 gemeinde isiyofika watu 2,000 ilikuwa na deni la faranga milioni 346. Ikawekwa chini ya usimamizi, ikawa gumzo la nchi nzima. Nawaambia hii ili mwone kwamba nikisema gemeinde ni serikali simaanishi heshima tu, inaweza na kufilisika kama serikali. Mmoja ana maji ya moto na deni la kutisha, jirani yake hana maji ya moto, ana ngazi nane, anahesabu watoto.

Wengine wamechagua kuungana. Mwaka 1850 Uswisi ilikuwa na gemeinde zaidi ya 3,200, mwanzo wa 2025 zilibaki 2,121. Corippo kule Ticino, bonde la Verzasca, nyumba za mawe zimebandikwa kwenye mlima kama viota vya mbayuwayu, ilikuwa ndo gemeinde ndogo kuliko zote, watu kama kumi na mbili, kumi na tatu hivi, na mwaka 2020 ikaunganishwa na wenzake wa bonde wakawa gemeinde moja inaitwa Verzasca. Sasa Corippo wamegeuza nyumba tupu kuwa hoteli, chumba nyumba hii, chumba nyumba ile, unavuka uchochoro kwenda kula. Baada ya hapo ndogo kuliko zote ikawa Kammersrohr kantoni ya Solothurn, watu kama thelathini. Na bado wana rais wa gemeinde! Kwa watu thelathini, mkipokezana mwisho wa siku kila mtu atakuwa mheshimiwa.

Mimi kuungana nakuelewa kwa upande wa hela, mhasibu mmoja badala ya watano, sawa. Ila nilipokaa Albinen ile Jumanne nikaelewa kwa nini wao walitoa mfukoni kwanza. Ukishaungana, uamuzi wa shule yako unafanyika ukumbi wa bonde, na wewe na watu wako 240 mnanyoosha mikono hamfiki popote. Kuna familia kadhaa zilihamia kweli baada ya ile kura, zikachukua hela, zikakarabati. Siyo msafara. Lakini kwa hesabu ya kule familia moja yenye watoto watatu ni tukio la mwaka.

Yule bibi wa dirishani, niliyempungia, nilikutana naye tena nikisubiri basi la mwisho. Akaniuliza natokea wapi, nikasema Bern, akasema hapana, kabla ya Bern, nikasema Tanzania. Nikajiandaa kwa maswali ya simba. Akauliza, una watoto? Nikasema wawili. Akauliza, wana umri gani? Nikamwambia saba na wanne. Akanyamaza, akaangalia ile barabara, halafu akasema kwa Kijerumani chao kile ambacho hata aliyesoma Zürich anakipata nusu, saba na wanne, umri mzuri huo. Basi likaja.

Mama mwenyekiti naona unaangalia saa. Maswali mawili matatu halafu tukale.

*Swali la kwanza lilitoka nyuma kwa kaka mmoja wa Mombasa, akasimama kabisa akashika maiki, akauliza, ndugu yangu, hiyo laki mbili ya nyumba, wanakubali kidogo kidogo? Nikamjibu benki za huku zinataka asilimia 20 mkononi kwanza, yaani 40,000, na pemiti C mezani. Akasema C anayo, ila hiyo 40,000 ndo inahitaji harambee. Mama mwenyekiti akachukua maiki akasema harambee ina utaratibu wake, pilau lishaiva.*